Mwandishi hajafanya kazi Malaba

Makala niliyosoma kuhusu mabosi wakali inasema bosi wa namna hiyo afuatwe faraghani, aelezwe kwa upole. Wa kwangu, hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwenye kampuni ya kutoa mizigo forodhani, nilimfuata faraghani. Kesho yake aliniigiza mbele ya madereva, mpaka turnboi, wale wasaidizi wao, wakacheka.

Kilichonisaidia ni daftari la kurasa 96. Alikuwa na tabia ya kutoa amri kwa mdomo kisha kuikana. Basi kila akiagiza, namtumia ujumbe: "Bosi, kama ulivyosema, lori la mchele lisubiri hadi kesho." Anajibu "sawa", nami naandika tarehe na saa. Mwezi wa pili kelele zikapungua, ingawa salamu zangu haitikii hadi leo.

Na hili mwandishi kaliruka: Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri akusikilize kabla ya kukufukuza kwa kosa, na una haki ya kuja na mtu umtakaye. Ukifukuzwa kwa uonevu, mwone afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3. Jirani yangu alikwenda mwezi wa tano tangu afukuzwe, akawa amechelewa.