"Jenereta ni Dogo, Waya wa 2.5 Unatosha"

Umeme ukianza kukatika-katika, mafundi wanapata kazi nyingi za kufunga chenjiova, swichi ya kuchagua kati ya umeme wa TANESCO na wa jenereta, na kauli ileile inasikika nyumba hadi nyumba: "Jenereta ni dogo, bosi, waya wa 2.5 unatosha," yaani wenye shaba ya milimita za mraba 2.5. Kauli hii inanikera kwa sababu nusu yake ni kweli, na ni hiyo nusu ya kweli inayomfanya mwenye nyumba akubali.

Tupige hesabu. Jenereta la kVA 5 kwenye volti 230 linatoa ampea 22 hivi. Waya wa shaba wa 2.5 ukiwa ndani ya paipu unabeba ampea 24, hewa ikiwa nyuzi joto 30. Ukitazama jenereta peke yake, basi, fundi hajakosea sana. Lakini chenjiova ina pande tatu: unakoingia umeme wa TANESCO, unakoingia wa jenereta, na unakotoka waya wa kwenda kwenye DB, sanduku linalogawa umeme nyumbani. Huo wa tatu unatumikia mabwana wawili. Jenereta likiwaka unabeba ampea 22. Umeme ukirudi unabeba mzigo wote wa nyumba. Na fundi aliyenunua 2.5 kwa ajili ya jenereta anakata kipande kutoka roli hiyohiyo na kuunganishia chenjiova na DB, maana kiko mkononi na kinapindika kirahisi.

Chukua jioni ya kawaida. Hita ya kuogea ya kW 5.5 inavuta ampea 24, jiko la kW 3 linavuta 13, birika 9, kiyoyozi 5. Jumla ni 51. Breka kubwa, yaani swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi, ni ya ampea 63, kwa hiyo haina sababu ya kuruka. Hata mzigo ukipita hapo, breka ya 63 imetengenezwa istahimili ampea 71 kwa saa nzima bila kuruka. Breka hulinda waya unaolingana nayo. Haiwezi kujua kwamba mbele kuna kipande cha 2.5 kinachobeba zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Na joto la waya hupanda kwa mraba wa ampea: mara mbili ya ampea ni mara nne ya joto. Ganda linalainika, linabadilika rangi, linapasuka kwenye mdomo wa terminali, kisha laivu na nyutro zinagusana. Yote haya yanatokea jenereta likiwa limezimwa. Ndiyo maana watu wanahangaika kutafuta kosa kwenye jenereta, na halipo huko.

Kwa hiyo waya wa kutoka mita ya LUKU kuja kwenye chenjiova, na wa kutoka chenjiova kwenda DB, upimwe kwa breka iliyotangulia. Breka ya 63 inataka shaba ya 16, na chenjiova yenyewe iwe imeandikwa ampea 63 au zaidi. Kama kabla ya chenjiova hakuna breka yoyote, iwekwe kwanza. Waya wa jenereta tu ndio upimwe kwa breka ya jenereta. Nakubali kwamba 16 ni ghali na ni mgumu kupinda. Nyumba ndogo isiyo na hita wala jiko la umeme inaweza kutumia 6, ila breka nayo ishushwe hadi 32. Kupunguza waya na kuiacha breka ya 63 mahali pake ni kutega moto.

Dari ni jambo jingine linalosahaulika. Chini ya bati, mchana wa Dar es Salaam, joto likifika nyuzi 50 waya wa 2.5 unashuka hadi ampea 17, na ule wa 16 hadi 54, ambazo hazitoshi kwa breka ya 63. Pitisha ukutani, au panda hadi 25.

Umbali nao una gharama. Jenereta likiwa mita 30 nyuma ya nyumba, 2.5 inapoteza karibu volti 12 kwa ampea 22. 6 inapoteza kama 5. Friji linalonguruma bila kuwaka mara nyingi linalalamikia volti hizo.

Halafu kuna kisu. Waya wa 16 una nyuzi 7. Tundu la chenjiova ya bei rahisi likiwa dogo, fundi anakata nyuzi 3 ili uingie. Zinabaki 4, yaani waya wa 9 mahali pale pale ambapo skrubu inabana na joto linaanzia. Nunua chenjiova yenye tundu linalotosha, na iwe ya kukata laivu na nyutro pamoja. Plagi yenye meno pande zote mbili, ya kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani bila chenjiova, isiingie nyumbani kwako kabisa: inarudisha umeme kwenye nyaya za TANESCO na inaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Kama yako imeshafungwa, zima jenereta na meni swichi iliyo kabla ya chenjiova, hakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, kisha fungua kifuniko usome maandishi kwenye ganda la waya unaokwenda DB. Ukikuta 2.5 na breka imeandikwa 63, usiwashe mpaka fundi mwenye leseni ya EWURA aubadilishe.