Paka wa Lamu: kuwapunguza bila kuwamaliza

Anayepita vichochoro vya Mkomani na Langoni, katika mji wa kale wa Lamu ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, hakosi kuwakuta paka wamelala barazani au wamemzunguka mpaa samaki wakingoja matumbo. Wengi hawana mwenyewe, ijapokuwa karibu kila mmoja ana mlango anaotupiwa chochote.

Wanaotaka paka hao wafungwe kizazi wana hoja nzito. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita, huibeba kwa siku 63 hivi, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Watoto wengi hufa kwa njaa na maradhi kabla ya kukua, kwa hiyo anayesema idadi ijirekebishe yenyewe anakubali, pengine bila kujua, kwamba irekebishwe kwa mateso. Sumu, mbali na ukatili wake, haifui dafu: maadamu mabaki ya samaki yapo, wageni watahamia pale waliokufa walipokuwa wakila.

Upande wa pili nao haustahili kudharauliwa. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala, na mwenye duka la nafaka halichukulii neno hilo kuwa mzaha. Lakini paka aliyefungwa kizazi na kurudishwa mtaani kwake haachi kuwinda. Panya watapata nafuu iwapo tu paka watapunguzwa kupita kiasi.

Pingamizi la dini ndilo gumu zaidi. Huu ni mji wa Waislamu, wengi wao Mashafi, na katika madhehebu hayo wanazuoni wameharamisha kuhasi mnyama asiyeliwa, ilhali Mahanafi wameruhusu penye manufaa. Vilevile kila mtoto wa chuo cha Kurani ameisikia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Hadithi hiyo, kwa maoni yangu, inatudai zaidi kuliko inavyotuzuia, ingawa fatwa ni ya masheikh, si yangu.

Hata hivyo, mjadala huo huelekea kwa madume, pengine kwa sababu neno kuhasi lenyewe huleta fikra ya korodani, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Paka shume mmoja aliyesazwa hupanda majike wengi, hivyo kuwahasi madume tisa kati ya kumi huenda kusipunguze mimba kwa kiasi cha kuonekana. Fedha zikiwa haba, na daima huwa haba, majike wa karibu na diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, watangulie, tena wafanywe wengi kwa muda mfupi, kabla wachache waliobaki hawajaijaza nafasi. Kila aliyepasuliwa akatwe ncha ya sikio akiwa bado na nusukaputi, asije akakamatwa mwakani na kupasuliwa tumbo mara ya pili bure.