Tundu la moyo: kisu au mrija kwa mtu wa ziwani?

Tuseme mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kafika miaka arobaini akihema kila akipanda mlima wa Bugando. Alishaambiwa ni pumu, kisha presha, hadi kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha tundu alilozaliwa nalo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Ndugu watauliza: si azibwe bila kufunguliwa kifua?

Mwaka 1953, huko Philadelphia, Marekani, daktari mpasuaji John Gibbon alifungua kifua na kufunga tundu kama hilo kwa binti wa miaka 18, damu ikizungushwa na mashine. Leo mrija hupenyezwa kupitia mshipa wa paja, na kizibo cha nyaya za nikeli na titani kikafunguka pande zote za tundu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inaifanya kazi hiyo. Faida yake kwa mchuuzi si kukwepa kovu tu. Mfupa wa kifua ukikatwa huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga, na ndoo ya dagaa haimsubiri mtu. Mwenye kizibo naye huzuiwa mizigo mizito, ila kwa muda mfupi zaidi, na hulala wodini siku moja au mbili.

Lakini kizibo kinataka ukingo wa kushika. Tundu lililokaa chini karibu na valvu, au juu unapoingilia mshipa mkubwa, ni la kisu. Na presha ya mapafu ikishapanda kupita kiasi, kuziba kwa njia yoyote kunaweza kuua, maana tundu limeshakuwa mlango wa moyo kupumulia. Ndiyo maana kuchelewa kugundua kunaniuma kuliko ubishi wa kisu na mrija.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi. Mwenye kizibo humeza aspirini takriban miezi 6 na kurudia eko. Kwa nadra sana kizibo husugua ukuta wa moyo hadi kuutoboa. Akiumwa kifua ghafla au akizirai, anatakiwa hospitali saa hiyo hiyo. Aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, anangoja kivuko. Kiraka kinachoshonwa kwa upasuaji hakina hatari hiyo.

Hata hivyo, tundu likiwa na kingo nzuri, mimi nachagua mrija. Ila kabla ya kusaini, mama yule aulize eko ya mwezi mmoja baada ya kuzibwa atapimiwa wapi, na nauli ya kufika huko ataitoa nani.