Jioni za Cádiz ni Ramadhani ya mwaka mzima

Anayehamia Cádiz, mji wa pwani wa Hispania, kutoka Mombasa au Unguja huvurugwa na jua kabla hajavurugwa na lugha. Saa zetu zimefungwa kwenye jua: saa 12 linachomoza, saa 12 na ushei linazama, saa 1 ni giza, mwezi wowote ule. Cádiz mwishoni mwa Juni jua linazama saa 4 kasorobo usiku na dakika kadhaa juu yake. Hispania ilisogeza saa zake mbele mwaka 1940 zilingane na za Ulaya ya kati, na haikuzirudisha tena. Mji wenyewe uko kusini-magharibi kabisa mwa nchi, na kiangazi huongezwa saa nyingine moja. Matokeo yake adhuhuri ya kweli, ile ya kivuli kuwa kifupi kabisa, huangukia karibu saa 8 na nusu mchana. Kwa hiyo wenyeji wakisema mtaonana jioni, usitoke nyumbani kabla ya saa 2 usiku.

Usipolielewa hili utakaa na njaa. Majiko ya mikahawa hufungwa karibu saa 10 alasiri na kuwashwa tena saa 2 na nusu au saa 3 usiku. Mgeni huingia saa 12 na nusu, huletewa kinywaji na zeituni, kisha husubiri samaki ambaye hakuna wa kumkaanga. Maduka mengi madogo nayo hufungwa saa 8 mchana hadi saa 11. Fuata mkondo wao: chakula cha mchana saa 8 au 9, usingizi mfupi, kahawa na kitu kitamu saa 12, kisha oga utoke.

Unayoyaona ukitoka, mtu wa pwani anayajua tayari. Ni mji wa kale usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe. Saa 5 usiku kwenye Plaza de Mina watoto wanacheza mpira kati ya miti, bibi wa miaka themanini amekaa kwenye benchi na wenzake watatu, mama anasukuma kigari cha mtoto mchanga, na vijana wanapita wakiwa wamepambwa kama wa Idi. Hakuna anayemuuliza mtoto mbona hajalala. Tofauti ni kwamba sisi tunaufungua mji hivyo mwezi mmoja, wao wanaufungua kila usiku wa kiangazi, na hata Januari mvua isiponyesha.

Anza jioni yako La Caleta, ufukwe mdogo ulio kati ya ngome ya Santa Catalina na ile ya San Sebastián. Unatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama mbele yako, nyuma ya mashua. Fika saa nzima kabla. Kina mama wa mtaa wa La Viña huwa wameshatandaza viti vya kukunja na meza ndogo mchangani, wanacheza bingo: kadi, mfuko wa namba, sarafu ndogo, na mmoja anayeita namba kwa sauti ya mnadani. Mikate na viazi vilivyochanganywa na mayai wamekuja navyo kutoka nyumbani. Hawalipi kiingilio wala hawanunui kitu, na hakuna askari wa hoteli anayewauliza wanakaa chumba gani.

Upepo nao ni wa kuangaliwa kabla ya kupanga lolote. Levante hutoka mashariki, ni mkavu na wa joto, na ukishika huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Jina lake lina maana ileile ya matlai yetu, mahali linapochomoza jua, na mabaharia wa huku huutaja kwa heshima kama wetu wanavyoitaja kusi. Siku ya Levante usikae Playa de la Victoria, ufukwe mrefu wa upande wa mji mpya, maana mchanga hukuchapa miguu na kuingia kwenye sahani. La Caleta ina afueni kwa sababu mji wenyewe unaukinga, na vichochoro vya mji wa kale vina afueni zaidi. Poniente hutoka baharini upande wa magharibi, huleta unyevu na ubaridi, hivyo beba sweta hata Agosti.

Chakula cha jioni kiko freiduría, duka la samaki wa kukaanga, na hapa ndipo mtu wa pwani atajisikia nyumbani. Cazón en adobo ni papa mdogo aliyekatwa vipande, akalowekwa kwenye siki, kitunguu saumu, oregano, paprika na bizari nyembamba, akapakwa unga na kutumbukizwa kwenye mafuta mengi. Tortillita de camarones ni bajia ya uduvi: unga wa dengu na wa ngano, maji baridi, kitunguu, kotimiri ya Kizungu, na uduvi mzima mzima na maganda yake. Rojo lake ni jepesi kama uji wa mgonjwa. Humwagwa kwa kijiko kwenye mafuta yaliyochemka sana, likatandazwa hadi litoke jembamba lenye matundu kama kitambaa cha lesi, likivunjika mdomoni kwa mlio. Ukiletewa nene, laini na inayochuruzika mafuta, ujue rojo lilikuwa zito au mafuta hayakuwa moto. Hamia duka lingine.

Unanunua kwa uzito. Sema "un cuarto de cazón", yaani gramu 250. Ukiongeza robo nyingine ya puntillitas, ngisi wadogo sana, watu wawili wameshiba. Watakufungia kwenye karatasi. Ufungue mdomo wake mara moja, kwani mvuke ukizuiwa humo, ule ukoko hulainika kabla hujafika kwenye benchi.

Kwenye baa utaagiza tapa, media ración au ración, kwa maana ya kisahani, nusu sahani na sahani ya kugawana. Cádiz tapa hulipiwa; usitarajie ile ya bure inayokuja na kinywaji kule mji wa Granada. Asiyekunywa pombe hapati tabu: kuna mosto, maji ya zabibu yasiyochachushwa (ila uliza kwanza, maana upande huu jina hilo huweza kuwa la divai changa yenye pombe), na tangu sheria ya 2022 mkahawa unapaswa kukupa maji ya bomba bure ukiyaomba. Nguruwe ndiye wa kuchungwa, maana hujificha. Croquetas, vitonge vya kukaanga, nyingi zina jamón ndani, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi; salmorejo, supu nzito baridi ya nyanya, hunyunyiziwa vipande vyake juu, na mboga za majani huweza kupikwa nayo. Kusema "sin jamón" hakutoshi ikiwa samaki amekaangwa kwenye mafuta yaleyale ya croquetas. Uliza kama samaki hukaangwa peke yake, au kaa kwenye duka linalokaanga vya baharini tu.

Wa muziki na dansi wasubiri. Baa za kawaida Andalusia, jimbo lenye mji huu, hufungwa saa 8 usiku, na saa 9 Ijumaa na Jumamosi. Disko huwa tupu kabla ya saa 8, kisha huenda hadi alfajiri. Eneo lao ni Punta de San Felipe karibu na bandari, na kiangazi pia barabara ya ufukweni ya Victoria. Kunywa pombe barabarani kwa makundi kumepigwa marufuku na sheria ya Andalusia ya 2006, na faini hutolewa kweli. Beba kitambulisho au nakala ya pasipoti. Mlangoni, ngozi nyeusi wakati mwingine huambiwa pamejaa huku wengine wakiingia. Usigombane na baunsa. Omba "hoja de reclamaciones", fomu ya malalamiko ambayo kila biashara ya Andalusia inalazimika kuwa nayo, na wakikunyima ita polisi wa manispaa. Masharti ya kuingia yanatakiwa yawe yamebandikwa mlangoni, si kutungwa hapohapo.

Kuna mambo ambayo nyumbani tunawazidi, na hayo siyaachii. Mtu anaweza kukaa huku miaka akikutana na rafiki zake uwanjani kila wiki asiwahi kukaribishwa ndani kwao. Barazani kwetu kikombe cha kahawa tungu na kashata humfikia hata mpita njia, na hakuna anayekaa peke yake akiangalia simu kwa sababu hajajulikana. Wakazi wanaoishi juu ya baa nao hawalali, na wana haki ya kulalamika.

Lakini sikubali wanaosema kwamba jioni kama hizi ni za utajiri wa Ulaya au za pombe. Wale kina mama wa bingo si matajiri. Wanacho kile ambacho sheria ya pwani ya Hispania ya 1988 imewapa: ufukwe ni mali ya umma, mita 6 kutoka ukingoni zibaki wazi kwa mwenye miguu kupita, na kwenye maeneo ya mjini njia za miguu za kushukia baharini zisiachane kwa zaidi ya mita 200. Sisi mahali pakitengenezwa tunajaa. Forodhani ya Unguja ilipofunguliwa upya mwaka 2009 na Mama Ngina ya Mombasa mwaka 2019, familia zilikuja na mikeka, wauza mihogo na madafu wakapata riziki, watoto wakakimbia hadi usiku. Ari ya kutoka tunayo. Ila ukitembea Nyali au Bamburi unaweza kufuata ukuta mmoja baada ya mwingine, unasikia mawimbi upande wa pili na huoni pa kushukia. Ukikipata kijia, hakina taa, hakuna choo mwisho wake, na mama mwenye watoto watatu anaangalia saa kuanzia saa 1 akiwazia matatu ya kumrudisha Likoni.