Asilimia 90 ya Nini?

Nimetumiwa picha nyingine ya nyumba inayojengwa. Kuta zimesimama, bati linameremeta, mpigaji kasubiri jua likae vizuri nyuma ya paa, na chini yake maneno yaleyale: "Mungu ni mwema, tumefika asilimia 90." Kikafuata kile kimvua cha pongezi. Hongera kaka, hongera sana, vikaragosi vya makofi na vya moto. Mimi nikauliza: asilimia 90 ya nini? Nikaambiwa nina roho mbaya.

Haya, roho yangu mbaya. Swali lenyewe limejibiwa na nani?

Asilimia 90 ya tofali, hilo nakubali, maana sioni pa kuweka jingine. Ya pesa? Nyumba haina waya, haina bomba, sakafu ni vumbi, na madirisha ni matundu ambayo popo wameshayakagua. Ya muda? Mwenye nyumba mwenyewe hajaamua jiko linakaa upande gani. Hiyo 90 imetoka kwenye kichwa cha fundi, siku ambayo fundi alikuwa anahitaji malipo.

Tatizo la ujenzi ni kwamba sehemu inayoonekana ndiyo sehemu inayokwenda mbio. Ukuta unapanda mbele ya macho yako. Asubuhi ulikuwa magotini, jioni uko kifuani, na unarudi nyumbani umejaa raha. Lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ikishafungwa na paa likishakaa, moyo unasema nyumba tayari. Hapo ndipo ujenzi unapoonekana kusimama, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu kuanzia siku hiyo hakuna tena kazi ya kupiga picha. Zimebaki zile ambazo kila fundi duniani anaziita vitu vidogovidogo.

Ngoja tuviangalie hivyo vidogovidogo. Fundi wa makabati hapimi jiko mpaka sakafu ilazwe na lipu ikamilike, maana sentimita mbili za lipu zinatosha kumharibia kabati. Fundi wa marumaru halazi kigae mpaka mabomba yajazwe maji na kukaguliwa. Fundi bomba hajui atoboe ukuta kwa urefu gani mpaka ajue ni sinki lipi, lile la kukaa juu ya meza au la kuzama ndani. Na sinki halijachaguliwa, kwa sababu mke anataka hili na mume anataka lile, na wote wawili walikuwa wanaangalia bati likimeremeta. Kwenye nyumba iliyochorwa kwa ajili ya mtu mmoja na matakwa yake, umaliziaji unaweza kumeza pesa sawa na boma zima, yaani kuta na paa, au zaidi. Ndiyo maana unaona mapagale mengi, nyumba zilizoachwa bila kumaliziwa. Watu hawakwami mwanzoni. Wanakwama kwenye 90.

Ila kinachonikera zaidi siyo uongo wa hesabu. Ni kile ambacho hesabu hii inamfundisha fundi. Unamlipa kwa kinachoonekana, naye siyo mjinga, atakimbilia kinachoonekana. Malipo ya tatu ni paa likikaa? Paa litakaa, hata kama mabomba ya waya ambayo yangetakiwa kulala ndani ya zege la dari bado yako dukani. Malipo ya nne ni lipu ikimalizika? Lipu itamalizika. Kisha, lipu ikiwa bado mpya kabisa, anaingia fundi umeme na tindo yake.

Umewahi kusimama kwenye chumba kinachotinduliwa? Jamaa anachora mstari kwa chaki kutoka kwenye swichi hadi darini, anaweka tindo, anapiga nyundo. Lipu iliyokuwa laini kama karatasi inaanguka vipande vipande kwenye sakafu iliyofagiliwa jana. Vumbi linaingia puani, linaingia kwenye chai ya watu. Akimaliza kupitisha bomba lake, anakuja kijana na karai la mchanganyiko, anaziba ule mfereji kwa mwiko, anasugua, anaondoka. Rangi ya kiraka haifanani na ukuta. "Rangi itaficha, bosi." Rangi inaficha kweli, miezi michache. Kisha unatokea ufa mwembamba unaofuata njia ya bomba moja kwa moja kutoka swichi hadi dari. Kazi imefanyika mara mbili, imelipwa mara mbili, na kwenye picha zote imehesabika kuwa ni maendeleo.

Halafu kuna zege, na hapa ndipo ninapopoteza ustaarabu. Mwenye nyumba anapiga simu siku ya tatu baada ya jamvi, yaani zege la sakafu, kumwagwa: mbona saiti kimya, mbona hakuna kinachoendelea? Kinaendelea, mzee! Saruji inakula maji. Zege haligeuki jiwe kwa sababu limekauka. Linageuka jiwe kwa sababu saruji na maji vinashikana, na maji yakikimbia mapema ushikano huo unakatika njiani. Wahandisi hupima nguvu yake kwa siku 28. Siku ya 7, likitunzwa vizuri, huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu hiyo. Kulitunza maana yake ni kulifunika kwa magunia au nailoni na kulimwagilia kwa siku hizo 7 angalau, asubuhi na jioni, na mchana jua likiwa kali. Sasa mpigie picha kijana anayemwagilia sakafu tupu, uitume kwenye kundi la familia. Nani atasema hongera? Watauliza kwa nini analipwa kucheza na mpira wa maji. Kwa hiyo kijana anaondolewa, tofali zinapangwa juu ya zege bichi, asilimia inapanda, na kila mtu anafurahi.

Mtu akiniambia haya ni makosa ya wenye pesa ndogo na mafundi wa mtaani, ninamwonyesha Fallingwater. Nyumba ile ya Pennsylvania, Marekani, aliyoichora msanifu majengo maarufu Frank Lloyd Wright kwa ajili ya familia ya Kaufmann miaka ya 1930, ina vibaraza vya zege vinavyoning'inia juu ya maporomoko ya maji, na pengine ndiyo nyumba ya mtu binafsi iliyopigwa picha kuliko zote za karne ile. Mbao za fomu, zile zinazoshikilia zege likiwa bichi, zilipoondolewa, kibaraza kikubwa kiliinama papo hapo, na hakikuacha kuinama. Hadi kilipokuja kukazwa kwa kebo za chuma mwaka 2002, ncha yake ilikuwa imeshuka karibu inchi 7, yaani kama sentimita 18. Mhandisi wa upande wa mwenye nyumba aliongeza nondo kuliko zilivyochorwa, Wright akakasirika kweli kweli, na hata hizo za nyongeza hazikutosha. Zitafute nondo hizo kwenye zile picha nzuri zote. Hazimo.

Ukarabati nao una kituko chake: kazi inaanza kwa kurudi nyuma. Nyumba ilikuwa inakalika, umeigusa, sasa haikaliki, na fundi anakuambia mnaendelea vizuri. Na mara nyingi anasema kweli! Mwaka 1948 mguu wa piano ya binti wa Rais Truman ulitoboa sakafu ya Ikulu ya Marekani. Wakaguzi wakaingia, wakakuta jengo limechoka kwa karibu miaka 150 ya kuongezewa hiki na kutobolewa kile. Familia ikahamishwa, utumbo wote wa nyumba ukatolewa, zikabaki kuta za nje zimesimama peke yake huku msingi mpya ukichimbwa chini yake na fremu ya chuma ikipandishwa ndani. Kuna picha maarufu ya 1950: shimo kubwa lenye tingatinga ndani yake, na kuta za Ikulu pande zote. Walirudi kuishi humo mwaka 1952. Hebu fikiria lile shimo limetumwa kwenye kundi la familia yako. Shangazi angeuliza nani kakuloga.

Kwa hiyo kwenye ukarabati asilimia ni utani mtupu. Hujui ndani ya ukuta kuna nini mpaka uufungue, na ukiufungua orodha inarefuka. Fundi anayekupa siku kamili ya kumaliza kabla hajabandua kigae kimoja cha bafu la zamani anakubembeleza tu.

Nakubali kwa shingo upande kwamba kuna asilimia za kweli. Mkandarasi mwenye mchanganuo wa kila kazi, kila kipengele na thamani yake, akikwambia amefika 62, inawezekana amefika 62, na benki inayokukopesha kwa awamu haiwezi kuishi bila namba hiyo. Nakubali pia kwamba mtu anayetuma pesa kutoka mbali anahitaji kitu cha kumtia moyo, na picha ya bati inatia moyo kuliko picha ya chemba ya maji machafu. Na ndiyo, wenye nyumba nao ni mtihani: mlango uhamishwe, dirisha liongezwe, choo kije huku. Kuanza kabla ya kuamua hakujaanza na sisi. Pale Sydney, Australia, walianza kujenga Opera House, ule ukumbi maarufu wa maonyesho, mwaka 1959 kabla ya kujua yale maganda ya paa yatajengwaje. Nguzo za chini zikaonekana dhaifu kwa uzito wa juu, ikabidi zirudiwe, na jengo lililoahidiwa kwa 1963 likafunguliwa 1973. Wenzetu walikuwa na hazina ya serikali na bahati nasibu nyuma yao. Wewe una mshahara.

Mimi ningependa swali la asilimia lifutwe, liwekwe hili: wiki hii nini kimefunikwa, na nani alikiona kabla hakijafunikwa?

Maana nyumba yote ni mfululizo wa kufunika. Udongo unafunika msingi, zege linafunika nondo, lipu inafunika mabomba, kigae kinafunika kizuia maji cha bafuni, dari inafunika kenchi zinazobeba paa. Kila kinachofunikwa bila kuonwa kinageuka kuwa imani, na mimi dini yangu ninayo tayari. Nataka picha ya nondo kabla ya zege, na vile vipande vya kuziinua visiguse ardhi viwe vinaonekana. Nataka picha ya kila ukuta kabla ya lipu, futi kamba ikiwa imenyooshwa kando ya bomba, ili nikija kutundika rafu nisitoboe maji. Sakafu ya bafu ijazwe maji saa 24 kabla ya kigae cha kwanza, halafu, kama bafu liko ghorofani, mtu apande ngazi kwenye chumba cha chini aangalie dari kama kuna unyevu. Mabomba yapimwe kwa presha yakiwa bado uchi. Hakuna lolote kati ya haya lililo ghali. Ghali ni kubandua bafu zima kutafuta tone la maji ambalo halijulikani linatokea wapi.

Na rangi, tafadhali, isubiri lipu ikauke. Viputo vile ukutani siyo uchawi.

Malipo nayo yafuate hapohapo: bomba limepimwa na halivuji, lipa; lipu imemalizika lakini waya haumo, usilipe hata kama ukuta umenyooka kama mstari wa rula. Mafundi wazuri hawagombi juu ya hili. Wazuri ndio wanaoumia zaidi na mtindo wa sasa, maana anayechukua siku kupima na kunyoosha anaonekana mvivu mbele ya yule anayepandisha kuta kwa fujo.

Baada ya kutukana asilimia zote hizo, ninayo moja ninayoipenda. Mikataba mingi ya ujenzi huruhusu mwenye kazi kushikilia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 au 10: nusu yake hutolewa kazi ikikabidhiwa, nusu ya pili hukaa mpaka kipindi cha kuangalia kasoro kiishe, kwa kawaida miezi 6 au 12. Kwenye nyumba za watu binafsi kipengele hiki hurukwa kwa sababu ya aibu: fundi ni wa rafiki, utamshikiliaje pesa yake? Mshikilie. Iandike tangu mwanzo, kabla tofali la kwanza halijapangwa, kwa sababu ukiileta mwishoni itaonekana dhuluma, na itakuwa dhuluma kweli. Chagua kipindi kitakachopita kwenye mvua. Akikataa katakata, muulize kwa upole anaogopa mwezi gani.