Madoa tu ndo kigezo, kweli?

Juzi shemeji yangu anayepiga kazi kwenye meli ya kukokota kamba wa kina kirefu huko Msumbiji katupia picha kwenye grupu letu la wasap. Papa mdogo, hafiki hata urefu wa mkono, madoa mwili mzima. Dakika tano hazijaisha majibu yamemiminika, "mtoto wa papa", "papa chui huyo" (papa chui ana mkia unaokaribia nusu ya mwili, lakini haya), halafu akaja mjuaji mmoja akafunga kesi: papa paka tu, wote wamoja.

Wamoja kivipi jamani?

Haya, nakubali, hata wataalamu waliwarundika kapu moja miaka na miaka, ukoo mmoja wa Scyliorhinidae, zaidi ya spishi mia humo ndani. Ila 2005 mtafiti Samuel Iglésias na wenzake wakapima vinasaba, kapu likapasuka. Kundi kubwa likatolewa likaitwa Pentanchidae, na cha kushangaza ni kwamba hao Pentanchidae undugu wao na papa nyundo ni wa karibu kuliko undugu wao na hao papa paka waliobaki kapuni! Yaani umekaa miaka yote unajua fulani ni mdogo wako kumbe ni mtoto wa jirani. Na jina lenyewe la zamani, lipo tangu 1912, limetokana na papa wa Ufilipino mwenye pezi moja la mgongoni wakati ndugu zake wote wana mawili. Mwenye jina la ukoo ndo hafanani na ukoo, sasa hapo wewe na madoa yako unataka kuniambia nini.

Tofauti iko kichwani. Scyliorhinidae wana kama ukingo wa gegedu juu ya jicho, Pentanchidae hawana. Mwaka juzi huyuhuyu shemeji aliniletea wawili kwenye barafu, mmoja mnene, yule anayejijaza maji akatuna kama puto, mwingine mwembamba wa madoa. Nikawaweka juu ya meza ya jikoni nikachuna ngozi juu ya jicho, ngozi msasa mtupu, kisu kikawa butu. Kwa yule mnene ncha ikagonga kitu ikakwama, kwa mwembamba ikateleza mpaka mbele bila kugusa chochote. Nikapiga kelele kama nimeshinda mkeka. Mama yangu mkwe akauliza kutoka uani, "Baba, huyo samaki unampika au unamfanyia uchunguzi wa kifo?"

Najua, najua, huwezi kupasua vichwa vya watu sokoni. Na madoa yana kazi yake, ukishafika ngazi ya spishi. Bahari yetu hii ina Holohalaelurus (jenasi mojawapo ya hao Pentanchidae) wa aina zaidi ya moja, spishi melanostigma alipewa jina 1939 kutokana na msafara uliopita Zanzibar na meli ya Kimisri iitwayo Mabahiss, ikabidi tusubiri mpaka 2006 ndo mtafiti wa papa Brett Human atuonyeshe spishi nyingine, grennian, jina la Kiingereza cha kale, maana yake kukenua meno. Hapo ukisoma madoa vizuri unapata kitu. Lakini ukoo husomi kwenye ngozi.

Halafu kuna zile fomu za kuandika samaki waliovuliwa, papa wote wanajumlishwa "papa mchanganyiko", hizo tuziache leo. Niseme tu kwamba wengi wa hawa hutaga mayai na wachache huzaa, kwa hiyo ukiwajumlisha wote hujui hata nani anazaliana vipi.

Basi nikamwandikia shemeji inboksi, kwa adabu kabisa, shem naomba picha ya kichwa kwa chini, pua na mdomo vionekane, na nyingine ya ubavuni nione pezi la kwanza limeanzia wapi, na kama kuna uwezekano usimtupe, mgandishe.

Alijibu usiku. "Shem kashakaangwa. Mtamu ila ana mchanga."