Farasi wa Parisii si kosa la fundi

Stateri, yaani sarafu, za dhahabu za Mfalme Philip wa Pili wa Makedonia, aliyeshika migodi ya Pangaion kuanzia mwaka 356 KK, zilikuwa na gramu 8.6: upande mmoja kichwa cha Apollo, mungu wa Wagiriki, upande wa pili gari la farasi wawili. Wakelti, makabila ya kale yaliyoishi Gaul, yaani Ufaransa ya leo na jirani zake, wakaziiga. Kufikia karne ya 1 KK, kwenye stateri za Parisii, kabila lililoipa Paris jina lake, nywele za Apollo zimekuwa mawimbi, farasi amebaki mmoja, na mahali pa dereva umetanda mchoro unaofanana na wavu.

Wengi huuona huo kuwa uharibifu. Mwingereza John Evans, katikati ya karne ya 19, alizipanga sarafu za Wabritoni wa kale kwa kufuata kadiri zilivyoachana na sura ya Philip, akakadiria umri wake. Njia hiyo ilisaidia sana. Tena ni kweli uzito ulipungua: stateri za Ambiani, kabila jingine la Gaul, za wakati wa vita na Julius Caesar zina gramu 6 na kidogo, na upande wa kichwa hauna kitu. Herufi za jina la Philip nazo zilivurugika. Dhahiri aliyezichonga hakujua kusoma Kigiriki.

Lakini uzito ni habari ya hazina na gharama za vita. Haupimi mkono wa mchongaji. Asiyejua akikosea, makosa yake hutawanyika ovyo. Hapa mabadiliko yana mwelekeo: herufi zisizo na maana kwake zinaachwa, huku farasi na gurudumu, alama zilizoheshimiwa na Wakelti, vikitunzwa na kukuzwa kizazi baada ya kizazi. Na mafundi wa Kikelti walichora kwa bikari mapambo ya vioo vya shaba ambayo hadi leo ni kazi ngumu kuyanakili. Mikono hiyo ishindwe na pua ya Apollo?

Kuna jambo jingine linalosahaulika mno. Mara nyingi muhuri wa Kikelti, yaani kifaa kilichochongwa mchoro wa kupigia sarafu, ulikuwa mpana kuliko kipande cha dhahabu kilichopigwa, hivyo sarafu moja hubeba sehemu tu ya mchoro. Anayeishika hiyo moja na kusema uso umekatika anamlaumu fundi kwa kitu alichokichonga kikamilifu. Zikusanywe sarafu kadhaa za muhuri mmoja, zipangwe pamoja, ndipo hukumu itolewe.